Impreza ya kawaida au STI? Hesabu ya gari la kasi katika ukanda wa dhahabu

BEI ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 2,000 za Marekani kwa wakia kwa mara ya kwanza mwaka 2020, ikavuka dola 3,000 Machi 2025, kisha dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Katika ukanda unaoanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga, fedha ya namna hiyo haikai muda mrefu kabla ya kuonekana barabarani.

Katika mitaa ya kata ya Kambarage, manispaa ya Shinyanga, mji ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa baiskeli zinazobeba abiria kama daladala, gari dogo lenye umbo la michezo ni tangazo tosha kwamba mwenye nalo mambo yamemnyookea. Kwa kijana aliyepata fedha katika duara, katika kuchenjua marudio au katika udalali wa madini, swali mara nyingi huwa si kama anunue gari, bali anunue lipi.

Moja kati ya magari yanayotajwa sana katika mjadala huo ni Subaru Impreza. Kizazi cha tatu cha gari hilo, kilichozinduliwa Japani mwaka 2007, kilikuja na toleo la kawaida la lita mbili lenye nguvu za farasi 140. Mwaka huohuo lilitoka pia toleo la WRX STI, lenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na nguvu za farasi 308.

Kwa mtazamaji wa mbali magari hayo ni kama ndugu wa tumbo moja. Hata ujazo wa injini zao ni uleule, sentimita za ujazo 1,994. Kinachotofautiana ni kile kilichomo ndani, na bili inayofuata baada ya ufunguo kukabidhiwa.

Ukichambua bili hiyo kipengele kwa kipengele, inabainika kwamba uamuzi kati ya magari haya mawili hauhusu kasi peke yake. Unahusu pia kama kipato kinachokuja kwa msimu kinaweza kubeba gharama inayokuja kila mwezi.

Sifa iliyojengwa na Safari Rally

Jina la Impreza halikukua Afrika Mashariki kwa bahati. Gari la Subaru lilishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1996 likiendeshwa na Kenneth Eriksson, likarudia mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na mwaka 2000 Richard Burns akaleta ushindi mwingine. Katika ubingwa wa dunia, kampuni hiyo ilitwaa taji la watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997.

Rangi ya buluu na magurudumu ya dhahabu vikawa alama inayotambulika hata na watu ambao hawajawahi kuona mashindano hayo kwa macho yao. Kijana wa leo anayeitamani STI anaitamani pia historia hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo picha za ushindi hazikulionyesha. Nyuma ya kila gari lililopita katika vumbi la Kenya kulikuwa na kikosi cha mafundi, shehena ya vipuri vipya na bajeti ya kampuni kubwa. Kifaa kilichochoka hakikusubiri kuharibika, kilibadilishwa. Gari lililotumika miaka 15 Japani na kushushwa bandarini Dar es Salaam linakuja na jina lilelile, lakini bila kikosi hicho.

Kodi haitazami kasi, hutazama thamani

Wanunuzi wengi huamini kwamba gari lenye nguvu zaidi hutozwa viwango vikubwa zaidi vya kodi. Kwa magari haya mawili, imani hiyo si sahihi.

Katika utaratibu ambao umetumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa miaka kadhaa, gari dogo lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hufuata ujazo wa injini: asilimia tano kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haizidi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, na juu ya yote hayo huja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18.

Kwa kuwa Impreza ya kawaida na STI zote zina cc 1,994, zinaangukia katika daraja moja. Nguvu za farasi hazimo kabisa katika jedwali hilo.

Lakini viwango hivyo hupandiana. Ushuru wa bidhaa na ule wa uchakavu hukokotolewa baada ya ushuru wa forodha kuongezwa kwenye thamani, na VAT hukokotolewa baada ya vyote hivyo. Kwa gari la cc 1,994 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, jumla yake hufikia takriban asilimia 99 ya thamani, kabla ya tozo ndogondogo kama ile ya maendeleo ya reli.

Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba kila dola moja ya ziada katika thamani ya gari huwa karibu dola mbili mpaka gari litoke bandarini.

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gari la kawaida limethaminiwa dola 3,000 na la nguvu zaidi dola 9,000. Kodi ya la kwanza itakuwa karibu dola 2,970, na ya la pili karibu dola 8,920. Tofauti iliyoonekana kuwa dola 6,000 kwenye skrini ya kompyuta inageuka kuwa karibu dola 12,000.

Zaidi ya hapo, TRA ina mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika. Mnunuzi aliyebahatika kupata STI kwa bei ya kutupa Japani hawezi kuwa na hakika kwamba kodi yake itafuata bei hiyo.

Leseni iliyohamia kwenye pampu

Hadi mwaka 2017, mwenye gari Tanzania alilipa ada ya leseni ya barabara kila mwaka kulingana na ujazo wa injini. Serikali iliifuta ada hiyo katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, na kufidia kwa kuongeza ushuru wa Sh40 katika kila lita ya mafuta.

Hatua hiyo ilipokewa kwa shangwe, hasa na wenye magari yaliyokuwa yamelimbikiza madeni. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba mzigo ulihama kutoka ukubwa wa injini kwenda kwenye kiu yake. Chini ya utaratibu wa zamani, Impreza mbili za cc 1,994 zingelipa sawa. Chini ya huu wa sasa, inayokunywa zaidi ndiyo inayolipa zaidi.

Bei ya rejareja ya petroli, ambayo ukomo wake hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ilivuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022. Kwa mikoa iliyo mbali na bandari, bei huongezewa gharama ya usafirishaji, na Shinyanga iko karibu kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam.

Kwa mfano mwingine wa hesabu, gari linalotembea kilometa 1,500 kwa mwezi na kwenda kilometa 12 kwa lita litatumia lita 125. Likienda kilometa nane kwa lita, litatumia lita 187 na nusu. Kwa bei ya Sh3,000, tofauti ni Sh187,500 kwa mwezi, au Sh2,250,000 kwa mwaka. Hapo bado halijabadilishwa oili wala tairi.

Kuna pia suala la ubora wa mafuta. STI iliundwa kwa petroli yenye okteni kubwa, aina inayouzwa Japani katika pampu yake maalumu na kwa bei ya juu. Injini isiyo na tabo iliundwa kutumia petroli ya kawaida. Katika vituo vingi vya mikoani mnunuzi wa petroli hapewi chaguo la namna hiyo. Pampu ni moja kwa wote.

Injini ya kisasa inapopewa mafuta yenye okteni ndogo kuliko inayotakiwa, kompyuta yake hurudisha nyuma muda wa kuwasha cheche ili kuzuia injini isigonge. Nguvu hupungua. Kwa hiyo mtu aliyelipia farasi 308 anaweza asiwapate wote, na akiilazimisha injini hiyo kwa mwendo mkali, hatari ya kuharibu pistoni huongezeka.

Vumbi, oili na fundi

Mazingira ya migodi hayakuumbwa kwa ajili ya tabo. Njia ya kutoka Kahama kwenda Kakola, uliko mgodi wa Bulyanhulu, kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe na vumbi. Hata pale lami inapofika mjini, njia za kwenda kwenye maduara na mialo ya kuchenjulia hubaki za udongo.

Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika likiwa katika joto kali, na mhimili wake hutegemea utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ya bandia, mhimili huo ndio wa kwanza kuumia. Kichujio cha hewa kilichotoboka, ambacho katika gari la kawaida kingechakaza injini polepole, katika gari la tabo hupitisha mchanga moja kwa moja kwenye mapanga yake.

Aidha, STI iko chini zaidi, ina tairi pana zenye ukuta mfupi, na breki kubwa ambazo pedi zake si zile zinazopatikana katika kila duka la vipuri. Fundi anayeweza kuifungua Toyota Corolla akiwa amefumba macho anaweza kukutana na mfumo huo kwa mara ya kwanza, na gari la mteja likawa darasa lake.

Bima nayo ina neno lake. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo mwenye gari ghali hulipa zaidi kila mwaka. Anayeikimbia gharama hiyo na kukata bima ndogo hubaki na kinga ya madhara atakayowasababishia wengine tu. Gari lake likipinduka, hasara ni yake peke yake.

Barabara yenyewe inaruhusu nini?

Swali jingine ni wapi nguvu hizo zitatumika. Sheria inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Anayetoka Shinyanga kwenda Kahama hupita Tinde, Isaka na Kagongwa. Anayekwenda Mwanza hupita Maganzo, Hungumalwa na Misungwi. Kote huko kuna vibao, watoto wa shule, ng'ombe, baiskeli na askari wa usalama barabarani.

Kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, Juni 2025, kumeondoa kero ya kusubiri kivuko kwa wasafiri wa Mwanza na Geita, na safari ya eneo hilo sasa ni fupi. Lakini muda uliookolewa hapo umetokana na daraja, si na injini. Wenye farasi 140 na wenye farasi 308 wanalivuka kwa mwendo uleule.

Gari la farasi 140 linaweza kulipita lori mlimani, kufika mwendo wowote unaoruhusiwa na sheria na kubaki na akiba. Farasi 168 wa ziada wanalipiwa kila siku ili watumike katika dakika chache ambazo, kwa sehemu kubwa, sheria imezikataza.

Somo lilelile kwa Altezza na Mark X

Hesabu hii si ya Subaru peke yake. Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005 na kupendwa mno na vijana wa Tanzania, ilikuwa na sura mbili. AS200 ilibeba injini ya silinda sita iliyopangwa mstari mmoja, cc 1,988, yenye farasi 160. RS200 ilibeba injini ya silinda nne, cc 1,998, yenye farasi 210 katika toleo la gia za mkono.

Nguvu kamili ya RS200 ilipatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, mzunguko ambao dereva wa mjini Shinyanga hana sababu ya kuufikia. AS200 ilitoa mwili uleule, usukani uleule na ulaini wa silinda sita, kwa injini ya familia iliyotumika pia katika magari ya kawaida ya Toyota kama Mark II. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu injini iliyozoeleka ina vipuri na ina mafundi.

Kwa Mark X, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza Desemba 2019, chaguo ni kati ya 250G ya lita mbili na nusu na 350S ya lita tatu na nusu yenye farasi 318. Zote zinazidi cc 2,000, hivyo viwango vya ushuru ni vilevile. Tena ni thamani na mafuta vinavyozitenganisha.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaotetea toleo la nguvu, na hoja zao si za kupuuzwa. Breki zake ni bora, mwili wake umeimarishwa, na gari la magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja hushika barabara vizuri wakati wa mvua.

Hoja yao nzito zaidi ni ya thamani. Marekani huruhusu gari lisilotengenezwa kwa viwango vyake kuingia nchini humo likishatimiza miaka 25. Magari ya Japani ya mwaka 2000 yalianza kufunguliwa mlango huo mwaka 2025, na wakusanyaji wenye fedha wamekuwa wakishindania matoleo ya nguvu yaliyobaki. STI ya zamani, wanasema, haishuki bei kama gari jingine.

Ni kweli kwa gari lililoko Japani, lenye kumbukumbu kamili na ambalo halijachezewa. Kwa gari lililokwisha kulipiwa kodi Dar es Salaam na kupita miaka mitatu katika vumbi la Geita, soko lake ni wanunuzi wachache wa hapa nchini wenye uwezo wa kulihudumia. Mwenye shida ya fedha ya haraka hawezi kuwasubiri. Impreza ya kawaida, kwa kuwa wanaoimudu ni wengi zaidi, humpa nafasi kubwa zaidi ya kupata mnunuzi kwa wakati.

Ushindani huo wa wakusanyaji una upande mwingine pia: unapandisha bei ya kununulia. Kijana wa Kambarage anayeagiza STI ya zamani leo anashindana bei na mnunuzi aliyeko ng'ambo, kisha analipa kodi ambayo mshindani wake haijui.

Kipato cha msimu, gharama ya kila mwezi

Hapo ndipo ukanda wa dhahabu unapotofautiana na mahali pengine. Mfanyakazi wa ofisini mwenye mshahara wa kudumu anaweza kupima gharama ya gari kwa mshahara wake, na akikosea atajua ndani ya miezi miwili. Mchimbaji mdogo hana kipimo hicho.

Kuanzishwa kwa masoko ya madini, la kwanza likiwa la Geita lililofunguliwa Machi 2019, kumempa muuzaji bei iliyo wazi na mahali halali pa kuuzia. Lakini soko haliwezi kumhakikishia kwamba mwamba utatoa. Duara linaweza kulipa kwa wiki sita, kisha likajaa maji ya mvua au mwamba ukakosa dhahabu kwa miezi minane. Katika miezi hiyo, vibarua wanataka chakula, magogo ya kuzuia kuta yanahitaji kununuliwa, na pampu inahitaji dizeli.

Gari halijui kwamba duara limefungwa. STI iliyonunuliwa wakati wa mavuno hudai oili yake, tairi zake na bima yake wakati wa ukame, na kwa kuwa madai yake ni makubwa, ndiyo ya kwanza kuegeshwa. Gari lililoegeshwa juani kwa mwaka mzima huharibika mipira na betri, na thamani yake hushuka bila kumpeleka mwenyewe popote.

Karibu dola 12,000 za ule mfano wa kodi zina kazi nyingine katika biashara hiyohiyo iliyozileta. Zinaweza kuwa jenereta, pampu ya maji au mchango wa karasha la kusagia mawe, vitu vinavyomwezesha mchimbaji kuendelea kufanya kazi pale mwenzake anapokwama. Kwa familia ya Kisukuma iliyozoea kuweka akiba katika ng'ombe, zinaweza kuwa kundi linaloongezeka badala ya chuma kinachopungua.

Hakuna anayeweza kumnyima mtu raha ya jasho lake, na gari zuri ni raha halali. Impreza ya kawaida, kama ilivyokuwa AS200, haimnyimi mwenyewe raha hiyo: ina umbo, ina mwendo, na ikipita mtaani inageuza shingo. Inachokosa ni namba kubwa ya kutajia wenzake.

Kata ya Kambarage imebeba jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kiongozi ambaye Watanzania wanamkumbuka pia kwa usemi kwamba kupanga ni kuchagua. Kwa mnunuzi wa gari katika ukanda wa dhahabu, uchaguzi huo unafanyika siku ambayo fedha ipo mkononi na kila kitu kinaonekana kuwezekana. Kipimo chake cha haki ni siku nyingine, ile ambayo duara limejaa maji, petroli imepanda, na gari bado linatakiwa kuwaka asubuhi kumpeleka mwenyewe kutafuta riziki.